Boli Ikishuka kwa Majani

Kaeni chini nipige stori. Zii, si hapo. Hapo kuna mavi ya kondoo.

Tuanze na ground. Ground yetu Chepseon haina kushoto na kulia. Iko na juu na chini. Kwingine kepteni akishinda toss anachagua upande wa jua ama wa upepo. Kwetu anachagua mlima. Half ya kwanza mnapanda, mnahema ka nduthi imebeba magunia matatu ya viazi. Half ya pili mnashuka, na hapo hata defenda mwenye kitambi anageuka Mbappé. Shida ni moja tu. Ukishuka upige shuti ikose goli, boli haitoki nje. Boli inahama. Inavuka njia ya ng'ombe, inaruka mtaro, inaingia kwa majani chai ya wenyewe, na huko chini ni kijani tu mpaka macho ichoke.

Ndio maana ground yetu iko na sheria moja FIFA hawaijui: mwenye amepiga ndiye anafuata. Hatuna ball boy. Hatuna boli ya pili. Mechi inasimama, mafans wanaendelea na mahindi choma, refa anapigia mathe yake simu, na wewe unashuka kwa majani yenye maji, unalowa mpaka kiuno. Hiyo sheria iweke kwa mfuko. Tutaihitaji.

Watu hupenda kusema boli inajenga mwili. Uongo. Mimi nimechezea shule miaka minne na bado mbavu zangu unazihesabu ukiwa upande ule mwingine wa barabara. Boli inajenga kitu ingine. Na mimi nilijengwa na aibu.

Wewe ni Mkale, si ukimbie?

Ukienda Nairobi useme unatoka Kericho, msee hakuulizi jina. Anacheki miguu kwanza. Halafu anauliza marathon wewe hukimbia kwa masaa ngapi. Buda, mimi hukimbia tu nikiskia pilau inaisha.

Lakini hatuwezi lia sana, tulijitakia. Wilson Kiprugut, msee wa huku Kericho, ndiye aliletea Kenya medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki: shaba ya mita 800, Tokyo, 1964. Beatrice Chebet ni wa hapa tu upande wa Londiani. Mwaka 2024 alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 54, halafu akaenda Paris akabeba dhahabu mbili, ya 5,000 na ya 10,000. Sasa ukiwa na jirani ka huyo, nani atakuheshimu eti wewe ni winga wa kushoto?

Mzae wangu alikuwa amesomea hii maneno mpaka PhD. Kila jioni, kikombe ya chai mkononi, anaanza. "Mpira ni watu kumi na mmoja kugawana umaskini. Kimbia peke yako, ule peke yako. Kipchoge alipasia nani?"

Hiyo swali ilinikwama kwa koo miaka mbili. Mpaka siku moja nikarudia kuangalia ile video ya Vienna, 12 Oktoba 2019, siku Kipchoge alimaliza marathon kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40. Nikaanza kuhesabu wale wasee walikuwa wanamzunguka, wakimkinga upepo, wakipokezana zamu. Walikuwa 41. Arobaini na moja, wasee! Hizo ni timu tatu nzima na masabu wanane kwa benchi. Nikakimbia kwa mzae na simu mkononi. Nikamwambia Kipchoge alipasiwa na watu arobaini na mmoja.

Akaniambia chai imepoa.

Kabla ujenge tabia, unajenga deni

Term ya kwanza nilicheza na sandak. Kama hamjui sandak, kongoi, mmezaliwa na pesa. Ni kiatu ya plastiki, ukipiga boli kwa barida ya asubuhi mguu wako unalia ka kengele ya kanisa. Timu ilikuwa na matabaka. Juu kabisa, wenye daluga original, yaani msee mmoja, anko yake alikuwa Qatar. Kati, wenye daluga za mtumba. Chini, sisi wa sandak. Chini ya sisi, kipa, juu ya gloves za kuoshea ng'ombe dawa.

Daluga mpya, zile za kwa dirisha, bei yake unapata ndama mwenye adabu. Kwa hivyo holiday ya April nilichuna majani kwa jirani mpaka vidole zikakaa ka za mzee. Nikaingia Kericho tao, kwa mitumba, na thao mbili kamili. Nikatoka na daluga nyeupe. Nyeupe pe! Zilikuwa size tisa na mimi ni nane, lakini nani huangalia size kitu ikiwa inang'aa hivyo? Mbele nikajaza gazeti.

Daluga nyeupe, Kericho. Mahali mvua inafika saa tisa na nusu kila siku ka iko na contract. Zilikaa nyeupe dakika nne. Mathe alicheka hadi akaweka chini sufuria.

Na kama tunabonga kuhusu kuchoma picha, wacha niwape orodha, muikate muibandike kwa ukuta:

Kusherehekea goli ya offside. Unateleza na magoti mpaka kwa kona, unageuka, hakuna mtu.

Mathe kuingia ground katikati ya mechi na sweta yako. "Kijana, barida!" Na anakuvalisha. Refa anangoja.

Jezi ya mheshimiwa. Zile za tournament za December, uso yake yote kwa kifua yako, anacheka. Unatackle mtu, mheshimiwa ndiye anakula matope. Hiyo kidogo inabamba, kusema ukweli.

Na mwisho, mkubwa wa zote: kuwa na daluga safi kuliko watu wote, na ukae benchi.

Gogo

Benchi yetu ilikuwa gogo ya kuni yenye ilikataa kupasuka. Kochi wetu alikuwa odijo wa CRE, na alijua offside ka alivyojua Mambo ya Walawi: kwa kichwa, bila huruma. Alipoona daluga zangu akasema "vizuri sana", akanionyesha gogo. Mechi tatu.

Manze, gogo ni shule ingine. Ukiwa ndani ya ground unajiona wewe. Ukiwa kwa gogo hauna wewe wa kuona, kwa hivyo unaanza kuona boli. Nikaanza kucheki namba sita wetu. Kajamaa kafupi, daluga moja imeshonwa na waya, hakuna dame aliwahi itana jina yake. Lakini kila kitu ilikuwa inapitia kwake. Anapokea, anainua kichwa, anatoa. Anapokea, anatoa. Akipoteza boli, anarudi kuitafuta kabla mwalimu afungue mdomo. Mimi miezi yote nilikuwa nimedhani huyo msee hachezi.

Gogo pia iliniokoa kwa class, na hii usimwambie mzae. Kochi alikuwa na sheria yake: ukikosa hesabu, hakuna jezi. Hakupiga makelele, hakutisha mtu na maisha ya baadaye. Jezi yako ilikuwa tu haipo kwa gunia. Mimi nilikuwa na D ya kuaminika, D ambayo haijawahi niangusha. Kufika mwisho wa mwaka ilikuwa C. Wazazi walisema ni maombi. Ilikuwa tu uoga wa gogo.

Na mazoezi, si ni saa kumi? Na mvua, si ni saa tisa na nusu? Ukilala keja hakuna mtu atakufunga. Lakini unajua kuna wasee tisa wamesimama kwa matope na hawawezi gawana timu mbili bila wewe. Kwa hivyo unatoka, unatusi, unaenda. Hakuna hotuba ya assembly iliwahi nitoa kwa blanketi hivyo.

Dakika ile

Mpira ya shule hupanda ngazi. Unaanza zone, sub-county, county, halafu region ya Rift Valley, halafu nationals. Ukiwa mnoma zaidi unavuka mpaka uende FEASSSA, mkutane na Uganda, Tanzania na Rwanda. Sisi ngazi yetu ilikuwa mkate nusu na soda, halafu kurudi nyumbani. Lakini mwaka huo tukafika semi ya zone, na tukawa wenyeji. Ground ya mlima! Kepteni akashinda toss. Tukapanda kwanza, tukashuka baadaye. Plan ilikuwa safi.

Score ni moja kwa moja. Dakika za mwisho. Tunashuka. Namba sita anakata boli katikati, ananipasia, na mimi natoka mbio ka mbuzi ameona mwanya kwa ua. Defenda mmoja ameanguka. Kipa ametoka. Na kushoto yangu, peke yake, goli wazi mbele yake, namba sita. Alikuwa ameshanipita. Ameinua mkono, hata haitani.

Nilimwona. Wasee huuliza, na mimi siwezi danganya: nilimwona vizuri. Lakini pia niliona madem wa ile shule ingine wamesimama kwa ua. Niliona daluga zangu, nilikuwa nimezisugua asubuhi na mate. Nikaona kesho, jina yangu inaimbwa kwa stage.

Nikapiga.

Boli ilipita juu ya mwamba, ikapita juu ya njia ya ng'ombe, ikahama kabisa. Kimya. Hata kondoo waliacha kula. Na sheria ni sheria. Nikaanza kushuka peke yangu, nyuma yangu skuli mbili nzima zinaniangalia mgongo, na mvua ikaamua hapo ndio mahali pa kuanza.

Nikiruka mtaro nikaskia mtu nyuma. Namba sita. Nikajua leo nachapwa makofi ndani ya majani ya watu. Hakunichapa. Aliingia laini ya pili ya chai, mimi nikawa kwa ya kwanza, tukashuka hivyo, tukipangua majani na mikono, maji ikiingia mpaka kwa boxer. Hakuna mtu alisema kitu. Yeye ndiye aliiona boli. Akaitoa na mguu, akanipasia, hapo hapo katikati ya chai, pasi safi ya chini chini.

"Haya chorwe, twende. Kuna dakika tatu."

Tulitolewa kwa penalti. Yangu nilifunga. Haikusaidia mtu.

Daluga zilikuwa rangi ya kakao. Nilikaa kwa gogo nikizifungua kamba, na kwa mara ya kwanza sikuwa nafikiria bei yake. Msee nilimnyima goli alikuwa ameshuka mlima kunisaidia kutafuta aibu yangu. Tangu hiyo siku mimi ni mtu wa pasi. Kwa boli, kwa group work, hata kwa chapo.

Ndoto, zile za ukweli

Kabla ya hapo ndoto yangu ilikuwa ya mtu mmoja. Arsenal, G-Wagon, mzae analia kwa TV akiomba msamaha. Kila form one ako na hiyo. Ni poa, lakini haina mtu mwingine ndani. Hata dereva wa G-Wagon ni wewe.

Boli ya shule ilinionyesha milango zingine. Cheki Junior Starlets. Madem wa chini ya miaka 17, wengi wakiwa bado na homework, mwaka 2024 wakawa timu ya kwanza ya boli ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA. Jamhuri ya Dominika, wasee! Na huko wakapiga Mexico mbili kwa moja. Harambee Stars, pamoja na msururu wa makocha wao wote, hawajawahi fika hapo. Watoto wa shule ndio walivunja mlango.

Cheki volleyball. Dem wa shule akiwa na smash ya kuvunja kidole, KCB, Kenya Pipeline na Prisons wanaangalia, na huko mchezo unaweza kukupeleka mpaka kwa payslip. Malkia Strikers wamechezea Olimpiki mara nne: 2000, 2004, Tokyo na Paris. Huku kwetu mzae akiona binti anaruka kwa net anasema atakosa bwana. Mzee, yeye anatafuta pasipoti.

Cheki Michael Olunga. Huyu alikuwa anasomea uhandisi wa geospatial pale Technical University of Kenya huku anacheza. Novemba 2019, huko Japan, akafunga goli nane kwa mechi moja. Kashiwa Reysol ikashinda 13 kwa 1. Mwaka uliofuata akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya huko na goli 28. Mtu wa kupima ardhi! Angepima ground yetu angepiga simu polisi.

Na pesa, kwa sababu najua ndio mnangoja. CHAN ya Agosti 2025 hapa home, Rais aliahidi kila mchezaji wa Harambee Stars milioni moja kwa kila mechi ya makundi wangeshinda. Wakapiga DR Congo, Morocco na Zambia kabla Madagaska iwatoe robo fainali kwa penalti. Hiyo wiki mzae alianza kuuliza eti daluga zangu bado ziko. Angalia hiyo tabia!

Siku hizi hata serikali imeingia mtaa. Senior school ya CBE iko na pathway tatu, na moja yao ni Arts and Sports Science. Kwa makaratasi, na muhuri. Nilipomwambia mzae kuna watoto watasomea michezo Grade 10, alidhani Pathway ni sacco ya matatu.

Ile upande ingine

Lakini tusidanganyane eti kila mwenye jezi ni malaika. Sisi wa Kericho tunajua hiyo vizuri. Tulikuwa na timu yetu, Zoo FC, ikapanda ligi kuu 2017. Miaka hizo msee angetoka na mat mpaka Green Stadium aone timu ya kwao na timu kubwa za Nairobi, hapa hapa, barida ikiwa upande wetu. Halafu 2021 FIFA wakaitoa ligi kuu, wakaishusha daraja. Sababu: upangaji wa matokeo.

Hiyo iliuma, na iliuma watu ambao hawakuonja hata shilingi. Timu inafunza pande zote mbili. Ukizoea kutoa pasi kwa mwenzako, unazoea hivyo. Ukizoea kumuuza mwenzako, pia hiyo unazoea. Mimi nilimuuza namba sita bei ya macho ya madem watatu, na hata hawakuwa wananiangalia. Nilikuja kuuliza baadaye. Walikuwa wanaangalia mathe ya kipa akileta sweta.

Mbogi

Sasa tumemaliza shule. Wengine wako chuo, wengine wako stage, mmoja ako kwa anko yake Qatar, na ndio, alienda na daluga. Hakuna mtu anachezea Arsenal. Lakini ile timu haikuvunjika. Tulianza chama. Finje kila wiki, kila mtu, ukichelewa fine ni mbao. Pesa inashikwa na kipa, kwa sababu kati yetu ni yeye tu anajulikana kwa kushika. Mwaka jana tukaangusha nduthi ya kwanza. Namba sita ndiye huiendesha, na asubuhi hubeba maziwa. Inapokea, inatoa. Inapokea, inatoa.

Mzae huipanda bure. Kila Jumapili, mpaka kanisa, na hajawahi uliza imenunuliwa na watu wangapi. Ile siku nilimwambia ni kumi na tatu, masabu ndani, alisema mafuta inanuka.

Jumapili iliyopita tulikuwa ground, tunacheki watoi wa sasa. Mimi nilikuwa nimepiga luku. Sneakers nyeupe, ngiri nne, mpya, bado zina ile harufu ya box. Najua. Sijifunzi. Mzae naye alikuwa amesimama upande wa juu na kabuti, anaelezea watu offside na anakosea yote.

Half ya pili. Katoi fulani ka winga kanashuka, kanaona mwenzake, kananyima, kanapiga. Boli ikahama. Njia ya ng'ombe, mtaro, majani. Kimya ile ile. Katoi kakaanza kushuka peke yake, kichwa chini, na huko juu wingu lilikuwa limeshakaa sawa.

Nikaangalia sneakers zangu. Nikaangalia namba sita. Alikuwa ameshaegesha nduthi, mguu mmoja ndani ya mtaro.

Nikazivua, nikampatia kipa ashike. Nikashuka na soksi.

Huko juu mzae alikuwa anapiga kelele kitu kuhusu Kipchoge.